Mlango wa Ubavuni

Jumatatu, 23 Machi

Mzee Erasmus ameniita ofisini kwake leo na kufunga mlango. Katika miaka tisa niliyochora hapa Mwenge, mlango ule hufungwa kwa sababu mbili tu: mtu anafukuzwa, au anapewa kazi ambayo wenzake wameikwepa. Nikajiandaa kwa la kwanza.

Kumbe la pili. Kuna benki inajenga jengo la ghorofa sita Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa, kwenye kiwanja kilichopakana na tawi lake la sasa. Mzee mwenyewe anachora ghorofa za juu na ule uso wa vioo ambao wenye benki wameupenda hata kabla ya kuuona. Mie nimepewa ghorofa ya chini, ukumbi wa wateja. Kamati ya benki inakaa tarehe 29 Aprili. Wakiupitisha mchoro wangu, jina langu litaandikwa kwenye ramani kama msanifu. Nimechora ngazi na vyoo vya majengo chungu nzima ya mji huu, na hakuna hata choo kimoja chenye jina la Kokushubila.

Ila kazi imekuja na swali. Wanawake wa Mtoni wanafungua akaunti kwa wingi, halafu hawaonekani tawini. Kwa nini?

"Wengine wangepeleka dodoso," Mzee akasema. "Mie nakupeleka wewe. Kwa umbea wako huo, wiki mbili utakuwa umejua mpaka wanapika nini."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Nikasema asante.

Jumanne, 24 Machi

Siku ya kwanza tawini. Ukuta wote wa mbele ni kioo, kuanzia sakafuni hadi darini. Sakafu ni vigae vyeupe vinavyong'aa mpaka unajiona kidevu. Nimempa shikamoo mlinzi, Mzee Mashaka, tukaelewana hapo hapo kwa sababu naye hapendi kukaa bila kuongea.

Saa tatu akaja bibi mmoja, akavua ndala mlangoni, akaingia peku kazishika mkononi.

"Mie sijamwambia avue," Mzee Mashaka akajitetea kabla sijauliza. "Wanavuaga wenyewe. Zamani nilikuwa nawaambia wavae, nimechoka."

Ng'ambo ya barabara kuna mama anauza chapati na chai chini ya turubai la bluu. Kuanzia saa tatu mpaka saa tano nimehesabu wanawake kumi na mmoja waliokaa pale na vikombe, wote macho huku kwetu. Wanne wakavuka na kuingia, mmoja mmoja. Saba wakamaliza chai wakaondoka. Mtu anakunywa chai saa nzima akiutazama mlango wa benki, halafu anarudi nyumbani. Swali hili sasa ni langu, si la benki tena.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Wamekaa tisa, wameingia wawili.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Kumi na watatu, wameingia wawili.

Jibu nimelipata: sakafu. Tope la Mtoni na vile vigae vyeupe haviendi pamoja, wanaogopa kuchafua. Nimefurahi hadi nikajinunulia hindi la kuchoma na kulila nimesimama.

Jumatatu, 30 Machi

Nimevuka kwenda kunywa chai. Mwenye meza anaitwa Rukaiya, mwanamke wa miaka arobaini hivi, anageuza chapati kwa vidole vitupu na kukujibu bila kukutazama.

"Dada, kina mama hawa mbona wanakaa hapa muda mrefu?"

"Chapati tamu."

"Lakini wanaangalia benki."

"Wana macho, wayaweke wapi?"

Waliokaa wakacheka. Nikamuuliza moja kwa moja kama wanaogopa ile sakafu inayong'aa. Akanikubalia haraka sana: ndiyo, anti, ni hiyo hiyo sakafu. Nikamlipa, nikaondoka nimeridhika.

Jumatano, 1 Aprili

Nimechora. Sakafu ya kukwaruza kidogo, rangi ya udongo. Na mbele ya jengo, chini ya upenu, baraza ndefu ya saruji inayotazama barabara, ili kina mama wangojee upande wetu badala ya kukaa ng'ambo. Baraza za pwani nilizisoma chuoni na nikapata alama nzuri. Mzee Erasmus ameangalia akasema, "Hapo umefikiri." Kwake hiyo ni hotuba.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Misa, ndizi, mvua. Paa la nyumba niliyopanga hapa Kinyerezi linavuja, na msanifu majengo amelala na beseni katikati ya chumba.

Jumatano, 8 Aprili

Leo nimepigwa somo, na lazima niliandike lote.

Nilimpelekea Rukaiya mchoro, nikijiona mtu mwema. Akafuta mikono kwenye kanga, akaukodolea macho.

"Hiki kirefu hapa mbele nini?"

"Baraza. Ya kina mama kukaa wakisubiri."

Akacheka mpaka akashika meza. "Anti, wewe mtu wa wapi?"

"Bukoba."

"Aa. Basi umesamehewa."

Akamwachia jirani yake moto, akanichukua kwake, mtaa wa pili kutoka barabarani. Mbele ya nyumba, barazani, walikuwa wamekaa baba mkwe wake na wazee wawili. Tukawaamkia. Mzee mmoja akamuuliza Rukaiya mbona leo kaacha biashara mapema, mwingine akauliza mgeni ni nani, wa tatu akataka kujua nimebeba karatasi za nini. Rukaiya akajibu yote kwa adabu. Kisha hakuingia kwa mlango ule. Tukazunguka kwenye uchochoro wa kupita mtu mmoja na ndoo yake, tukasukuma mlango wa bati, tukatokea uani. Kulikuwa na wifi zake wawili wanachambua mchele, wakatukaribisha na kuendelea na yao.

Akanivuta pembeni, chini ya upenu wa jiko.

"Umewaona wale wa mbele? Wanajua nani kapita, saa ngapi, kabeba nini. Ndiyo kazi ya baraza. Wanaume wanakaa mbele, sie tunapita nyuma, na yetu yanapita nyuma. Sasa wewe unataka kuniketisha mie barazani, mbele ya benki, Barabara ya Kilwa nzima initazame."

Nikaona aibu imenipanda hadi masikioni. Nikauliza, na ile sakafu je?

"Sakafu haina neno. Anayevua viatu anavua kwa adabu zake. Nilikukubalia tu uondoke. Ishu ni kile kioo."

Akanieleza taratibu, na mie nikasikiliza. Ukisimama kaunta, wa bodaboda anakuona. Anamwambia wifi yako, wifi anamwambia mama mkwe, na kabla ya magharibi kuna ndugu ana mgonjwa, mwingine ana ada, mwingine kapata dili la bajaji. Hivyo wanawake wanakaa kwake na chai, wanaangalia kioo kama ndani hakuna anayewajua, wanaangalia barabara kama hapiti anayewajua, kisha wanavuka. Isipotokea nafasi, wanarudi na pesa zao kwenye kopo.

Halafu akaniambia la kwake. Mumewe, Jabiri, ni fundi wa friji. "Jabiri hana ubaya. Ila neno hapana hakufundishwa. Kila tulichoweka kimeondoka na mdogo wake." Kwa miaka sita amekuwa akiweka pesa ya chapati kwenye benki ile bila mtu kujua. Anataka kiwanja Kinyerezi amtoe mama yake kwenye chumba cha kupanga. Baada ya Idi ya kuchinja analipia. Msingi ukishasimama atampeleka Jabiri mwenyewe akauone, kwa sababu pesa inaazimwa lakini kiwanja hakiazimwi.

Nikamwambia naishi Kinyerezi, nitamwonyesha upande usiotuama maji. Akafurahi.

"Nimekwambia wewe kwa sababu huna ndugu Mtoni," akasema.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimesimama kaunta kama mteja, nikamwomba Mzee Mashaka avuke barabara aniambie anaona nini. Amerudi: "Nimeona unajikuna shingo. Halafu umefungua pochi, ina zipu ya kijani."

Nimefuta baraza.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua tangu alfajiri, nami nimechora tangu alfajiri. Mbele kabisa, barabarani, maduka matatu: la dawa, la steshenari, la kanga. Katikati yake korido pana, kama ukumbi wa nyumba za Uswahilini, inayokwenda hadi ua mdogo wenye mwanga wa juu. Mlango wa benki uko humo ndani, ubavuni. Mlango mkubwa wa mbele ubaki kwa wanaoupenda. Lakini anayeingia korido anaweza kuwa anafuata dawa ya kikohozi, au daftari la mtoto. Hakuna atakayejua mpaka amfuate, na kumfuata mwanamke koridoni ni utovu wa adabu, hata mbea anaogopa.

Sijawahi kuupenda mchoro wangu kiasi hiki. Vyoo nimeviweka pia, vizuri tu.

Alhamisi, 16 Aprili

Mzee Erasmus hajaupenda.

"Benki yenye mlango ubavuni kama genge? Wenye benki wameomba uwazi, Koku. Wameniandikia hilo neno mara tano."

"Uwazi wa nani, Mzee? Wa benki kwa mteja, au wa mteja kwa barabara?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hilo swali zuri. Sasa lete ushahidi. Kamati haili hadithi."

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua kubwa. Njia ya pembeni imefurika. Wamekaa wanne, hajaingia hata mmoja.

Jumatano, 22 Aprili

Ushahidi ninao. Siku mbili nimekaa dirishani, ghorofa ya juu ya tawi, na simu yangu, napiga picha na kuandika dakika. Zilizo bora kuliko zote ni za Rukaiya mwenyewe. Saa tatu na dakika kumi anaacha meza, anasimama ukingoni mwa barabara. Anarudi. Anasimama tena. Saa nne na dakika mbili anavuka, kanga kaivuta hadi kwenye paji la uso. Picha nne, na zinasema kila kitu bila mie kufungua mdomo. Ya tatu uso wake unaonekana vizuri sana, hata wasiwasi wenyewe unaonekana.

Jumatano, 29 Aprili

Kamati. Watu tisa, kiyoyozi cha kugandisha samaki, maji ya chupa. Mkuu wao ni Bwana Ferdinand, mtu mpole anayeandika kila kitu. Nilianza kwa hesabu zangu za wanywa chai, kisha nikafika kwenye picha. Nikaziweka ukutani moja baada ya nyingine, kubwa, na chini yake maneno: *Rukaiya, muuza chapati, dakika hamsini na mbili kuvuka barabara moja.*

Bwana Ferdinand akaacha kuandika. Mwingine akasema kwa miaka yote wamekuwa wakipunguza muda wa foleni ndani, kumbe foleni iko ng'ambo. Hata ofisa wao wa majengo, Marijani, aliyekuwa akichezea simu, aliinua kichwa akatabasamu. "Huyu mama namfahamu kabisa," akasema. Nikafurahi wameona kuwa ni watu wa kweli.

Wameupitisha. Mlango wa ubavuni, korido, maduka, vyote. Kwenye gari Mzee Erasmus aliniambia, "Msanifu." Neno hilo tu, hadi Mwenge.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimempigia simu mama yangu, kijijini Kamachumu. Amelia, kisha akauliza kama mshahara nao umepanda.

Jumatatu, 4 Mei

Nimekwenda Mtoni kumpa Rukaiya habari. Meza haipo. Mvua, labda.

Jumatano, 6 Mei

Hakuna mvua. Meza haipo. Wanawake nao hawapo, maana hawana pa kukaa.

Ijumaa, 8 Mei

Mzee Mashaka ndiye aliyeniambia, akitazama pembeni. Marijani ni binamu yake Jabiri. Jumamosi walikuwa kwenye hitma, Marijani akatania mbele ya watu kwamba shemeji yao tajiri, picha yake inaonyeshwa makao makuu ya benki. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kuchekesha. Wakacheka. Kisha mdogo wake Jabiri akauliza, benki ipi?

Nilikwenda nyumbani kwake nikiwa sijui nitasema nini. Nilipita uchochoroni, nikasukuma mlango wa bati. Rukaiya alikuwa anafua. Aliniona, akakausha mikono, akanisalimia vizuri, akanishika mkono akanipitisha ndani ya nyumba yote hadi mlango wa mbele, akanikalisha barazani, kwenye mkeka safi, karibu na baba mkwe wake.

"Wageni wanakaa huku," akasema.

Akaniletea soda. Wazee wakaniuliza habari za Bukoba. Nilikaa pale nikijibu habari za kahawa, na nilielewa vizuri sana nimewekwa wapi. Aliponisindikiza hadi kona ndipo alipozungumza.

"Wamekaa kikao jana. Mdogo wake anunuliwe bajaji. Jabiri kanitazama, nikajua hawezi kusema hapana."

"Rukaiya, nisamehe. Nilitaka waone. Bila picha wasingekubali mlango."

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Hongera," akasema. Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Ila uliniuliza mambo chungu nzima, anti. Hilo moja hukuniuliza."

Jumamosi, 9 Mei

Sijalala vizuri. Nimefuta picha zote kwenye simu, na kwenye kompyuta ya ofisi. Za benki siwezi kuzifuta. Nimemwandikia Bwana Ferdinand nikiomba aziondoe, na amejibu kwa heshima kwamba zimeshaingia kwenye ripoti.

Jumatatu, 11 Mei

Nilikuwa tawini kupima tena mpaka wa kiwanja. Saa nne kamili Rukaiya akatoka mtaani, akavuka barabara bila kusimama ukingoni, bila kuvuta kanga. Shemeji yake, yule wa bajaji, alimngoja nje na wenzake wawili. Akaingia kwa mlango wa mbele, akasimama kaunta ya katikati, pale pale niliposimama mie, na nje nikaona vichwa vinageuka. Hakutazama nyuma hata mara moja. Akatoa zote. Miaka sita ilichukua dakika saba, nami nilihesabu kwa sababu sijui kutohesabu.

Alhamisi, 14 Mei

Nimemwambia Mzee Erasmus asiandike jina langu. Alinisikiliza hadi mwisho, mlango umefungwa.

"Mlango wenyewe ni mbaya?"

"Hapana, Mzee."

"Basi usiufanye yatima. Jina si zawadi tu, Koku. Likiharibika jambo, watu wajue wamfuate nani."

Sijui kama yuko sahihi. Nimekaa na neno lake siku nzima.

Jumatatu, 18 Mei

Manyunyu. Masika yanaisha. Meza ya chapati imerudi. Sikuvuka.

Alhamisi, 21 Mei

Leo amevuka yeye. Nilikuwa nje ya tawi na mafundi wa kupima udongo, ramani imelazwa juu ya boneti ya gari, jina langu kwenye kona. Akaja na unga mikononi kama glavu.

"Uko wapi huo mlango? Nataka kuuona."

Nikamwonyesha barabara, maduka, korido, ua. Alifuata kwa kidole, taratibu, akaacha alama ya unga. Kidole kikasimama.

"Hapa duka la dawa lina dirisha?"

"Ndiyo, la kupitisha hewa."

"Linatazama mlango wako."

Nikatazama. Kweli. Wiki tano nimeuchora mchoro ule na sikuona.

"Muuza dawa ndiye redio ya mtaa, anti. Anajua nani ana mimba kabla ya mume. Geuza mlango, au ziba dirisha."

Nikaugeuza hapo hapo kwa penseli, yeye akisimamia. Nikauliza, sauti ikiwa ndogo, kama siku moja atapita mlango huo. Akasema Idi ikipita anaanza tena, sifuri haimwogopeshi, ameshawahi kuishi nayo. Mama yake atangoja.

Nikamwomba ruhusa, safari hii kabla: je, naweza kuendelea kuja kukaa mezani kwake, kuuliza?

Akapangusa unga kwenye kanga. "Njoo. Chai unalipa. Kuhesabu, hesabu. Lakini mie usiniandike popote. Jina langu lisikae kwenye karatasi yako yoyote."

Nikasema sawa. Nimefika nyumbani kukiwa bado kweupe, nimefungua daftari hili, nikaona nilivyomjaza humu. Jina lake, la mumewe, la binamu, hata barazani wamekaa wangapi. Nimekaa mlangoni na kalamu ya wino mweusi, nimerudi hadi Machi, nimekwaruza kila penye jina lake mpaka halisomeki hata ukiinua karatasi kwenye mwanga, na juu yake nikaandika Rukaiya, jina ambalo katika nyumba ile hakuna aliye nalo. Mume nimembadilishia jina na kazi. Binamu pia. Kiwanja nimekihamishia mtaani kwangu, ili atakayekitafuta anikute mie. Na anachouza si chapati.